Kubebesha

Radi ya Jumanne haikugusa mti wala bati.
Ilipita kwenye waya, kimya,
kama mdaiwa anayekatiza nyuma ya nyumba,
ikaingia kompyuta ya chama cha msingi, hapa Kitangari,
ikala kitu kimoja tu:
tundu la mtandao, lile lililozaliwa na mashine.

Vingine vizima. Kioo kinawaka, feni inakoroma,
majina ya wakulima yako palepale,
mia nne na kumi na mawili,
kila jina na kilo zake, kila kilo na bei ya mnada.
Ila hayatoki kwenda benki.
Kitaa cha kijani kilichokuwa kikinikonyeza
kimefumba jicho.

Mama Anastazia Chitanda ameuliza mara ya tatu:
"Kwa hiyo hela zangu zimo humo ndani?"
Zimo, mama.
"Nizione."
Nikamwonyesha, mstari wa mia mbili na sita.
Akaugusa kwa kidole kilichobabuliwa na utomvu wa korosho,
akaacha alama juu ya tarakimu zake.

Mwenyekiti alitaka mpya. Milioni na nusu, tukate kwa kilo.
Dirishani wakaguna, naye akakumbuka ana kikao.

Alhamisi akaja Somoe Likapa kutoka Newala mjini,
bodaboda, begi la mtoto wa shule mgongoni.
Hakusalimia sana. Alichomoa waya,
akashika chuma kitupu, mwili uachie umeme wake,
akafungua ubavu.
Vumbi jekundu. Mayai mawili ya mjusi.

"Hiki," akaonyesha kwa ncha ya bisibisi,
"kimechomelewa ubaoni. Ukikilazimisha utaua na jirani zake.
Marehemu alale hapohapo.
Sisi tutafute nafasi."

Na nafasi ilikuwepo!
Miaka sita naifuta mashine hii mgongo,
sikujua vile vibati vyembamba ni milango.
Aliyeiunda, huko aliko,
aliacha vyumba vitupu kwa wageni asiowajua.

Kadi ilitoka kwenye kompyuta mfu ya sekondari,
ndogo, yatosha kiganjani.
Akaisugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli,
akaisukuma. Ikakataa.
Akapuliza, akaweka dole gumba huku na huku,
tak.
Parafujo moja.

"Kumbe mnabebesha," akasema Mama Anastazia,
kichwa chote ndani ya dirisha.
"Kikonyo cha mti mwingine juu ya shina la zamani.
Mwangu nimebebesha kumi na minane,
mmoja tu ndio ulionisusia."

Nikadhani yamekwisha.
Lakini mashine ilikuwa bado inamwita yule aliyekufa,
inamngoja, inamngoja, kadi mpya ikiwa imekaa kando
kama mgeni ambaye hajakaribishwa.
Somoe akaiwasha upya, akaingia ule ukurasa wa bluu
wa kabla mashine haijaamka vizuri,
akalitafuta jina la marehemu, akachagua: zima.
"Lazima uiambie amekufa," alisema.
"Isipoambiwa, itaendelea kumwekea sahani."

Sikujibu. Nyumbani kwetu Mnyambe
sahani ya mama ilipangwa mwaka mzima,
mpaka Bi Tekla alipokuja na vyombo vyake,
nami nikakataa kula chakula chake siku nne.
Ya tano alipika kisamvu.

Saa kumi na dakika nane jicho la kijani likafunguka,
si pale pa zamani, chini kidogo, upande wa kushoto.
Majina yakaanza kuondoka.
Mama Anastazia akasimama nyuma yangu
mpaka mstari wake ulipopita,
ndipo akaomba maji ya kunywa.

Tundu la kwanza nimeliziba kwa plasta ya kidonda.
Hata hivyo, kila asubuhi, nikiwa na usingizi,
mkono wangu na waya
huanza kubisha hapo.